Kiongozi wa Ukumbi Huwekwa Pale Ili Ashindwe

Kwa mtu ambaye hajawahi kuicheza, michezo ya Pokémon inaelezeka kwa haraka. Mtoto anaondoka kwao akiwa na kiumbe mmoja, anazunguka miji ya jimbo lake huku akikamata wengine, na katika miji minane anakuta ukumbi wa mapambano wenye kiongozi wake. Akimshinda kiongozi hupewa beji, na akitimiza beji nane huruhusiwa kwenda kwenye Ligi, ambako wanamngoja magwiji wanne pamoja na bingwa. Mpango huo ulianza na michezo ya kwanza, iliyoundwa na Game Freak na kuingia sokoni nchini Japani tarehe 27 Februari 1996, na kwa sehemu kubwa ndio unaofuatwa hadi leo.

Kinachonivutia zaidi katika mpango huo ni hali ya kiongozi mwenyewe. Desturi humtaka ashikamane na aina moja tu ya viumbe, iwe mwamba, maji, umeme au sumu, na kila aina ina nyingine inayoizidi nguvu. Maana yake ni kwamba kabla mpinzani hajavuka kizingiti, udhaifu wa mwenye ukumbi umekwisha kutangazwa: kibao cha nje kinamtaja, na ndani ya mlango kuna mtu anayesimama kazi yake ikiwa ni kukwambia umkabili kiongozi kwa aina gani. Huyu si mlinzi aliyewekwa ili watu wasipite. Ni mtahini, na anatarajiwa kushindwa na kila aliyejiandaa. Ndiyo maana mimi humpima kiongozi wa ukumbi kwa swali analouliza, na kwa kuangalia kama jibu lake linapatikana karibu na mji wake, au kama mchezaji analazimika kurudi porini kuongeza viwango hadi ashinde kwa nguvu tupu.

Brock wa mji wa Pewter, kiongozi wa kwanza katika jimbo la Kanto, ni mfano mzuri wa swali jepesi lililoulizwa vizuri. Ana Geodude wa kiwango cha 12 na Onix wa kiwango cha 14, wote wakiwa wa mwamba na ardhi kwa pamoja, hivyo mashambulio ya maji na ya majani huwadhuru mara nne ya kawaida. Aliyemchagua Bulbasaur wa majani au Squirtle wa maji mwanzoni atapita bila kutoa jasho, ilhali aliyemchagua Charmander wa moto atajifunza siku hiyo kwamba uchaguzi wake ulikuwa na gharama. Kuna jambo ambalo wengi hawalitambui katika pambano lile: katika Red na Blue, matoleo ya michezo ile ya kwanza, viumbe wa Brock hawana hata shambulio moja la aina ya mwamba. Geodude anajua kugonga na kujihami. Onix anajua kugonga, kupiga ukelele unaopunguza ulinzi wa mpinzani, na kuvumilia vipigo ili avirudishe. Bwana huyu wa miamba hakurushii hata kokoto. Waliomuunda walijua kwamba anayefika pale ni mwanafunzi wa darasa la kwanza, wakamwachia mwamba uwe ukuta wa kuvunjwa badala ya kuwa silaha. Hata kijana aliyewekwa kukuzuia njiani ni wa kuchekesha, kwani anajigamba kwamba uko nyuma ya Brock kwa miaka ya nuru, kisha akishindwa anakumbuka kwamba kipimo hicho ni cha umbali, si cha muda.

Ukumbi wa Lt. Surge, kiongozi mwenye viumbe wa umeme mjini Vermilion, unakwenda hatua moja mbele, kwa sababu jengo lenyewe linashiriki katika mtihani. Kwanza huwezi kuingia mpaka uwe na uwezo wa kukata mti mdogo unaoziba njia, na uwezo huo unaupata melini, kwa nahodha aliyelegezwa na kichefuchefu cha bahari. Ukishaingia unakuta mapipa 15 ya takataka. Chini ya pipa mojawapo kuna swichi ya kwanza, na ya pili imefichwa katika pipa la jirani. Ukikosea pipa la pili, milango ya umeme inajifunga upya na unaanza tena kuchokora taka. Mtu anaweza kusema huo ni usumbufu tu, na sitabishana naye sana. Hata hivyo kitu kilichopangwa kwa ustadi zaidi hakimo ukumbini. Ukitoka mjini kuelekea mashariki unakuta pango lililojaa Diglett, viumbe wa ardhi ambao umeme hauwagusi kabisa. Raichu wa kiwango cha 24, ambaye anaweza kufagia kikosi kizima cha mtu asiyejiandaa, hafui dafu mbele ya kiumbe mdogo aliyeokotwa mwendo mfupi kutoka mlangoni. Aliyetembea akichunguza mazingira amepata jibu, na aliyekimbilia beji bila kuangalia kando anaungua.

Kwa maoni yangu, hakuna aliyeuliza swali gumu kwa uhalali zaidi kuliko Whitney wa mji wa Goldenrod, katika michezo ya Gold na Silver ya mwaka 1999. Aina yake ni ya kawaida, ile ambayo wachezaji wengi huidharau, na kiumbe wake wa kwanza, Clefairy wa kiwango cha 18, hamtishi mtu. Kisha anatoka Miltank wa kiwango cha 20. Ana shambulio la kubingirika ambalo nguvu yake huongezeka maradufu kila zamu linapopata shabaha, likianzia 30 na kufikia 480 katika zamu ya tano. Ana maziwa yanayomrudishia nusu ya uhai wake kila anapoyanywa. Juu ya hayo ana mbinu ya kumtia mpinzani mapenzi, inayomfanya aliyenaswa apoteze kwa wastani nusu ya zamu zake, nayo hufanya kazi kwa wapinzani wa jinsia tofauti tu. Miltank wote ni majike, na viumbe wa kuanzia safari ni madume kwa wastani wa saba katika kila wanane. Kwa hiyo rafiki uliyemtegemea tangu siku ya kwanza, ambaye ulimlimbikizia viwango huku wengine wakikaa bure, ndiye hasa anayeyeyuka mbele ya ng'ombe huyu.

Hapo ndipo watu wengi walipoona cha mtema kuni, na lawama zilizomwandama Whitney tangu wakati huo hazijapoa. Mimi namtetea. Katika duka kubwa la mji uleule kuna mtu anayetaka Drowzee, kiumbe apatikanaye katika njia zinazopakana na Goldenrod, na badala yake anatoa Machop. Machop ni wa aina ya mapigano, ambayo ndiyo udhaifu pekee wa Miltank, na Machop huyo ni jike, kwa hiyo mapenzi ya Miltank hayamwingii. Waundaji waliweka kufuli na ufunguo katika mtaa mmoja, kisha wakanyamaza. Baada ya kushindwa, Whitney analia kwa sauti na kusahau kukupa beji, na inabidi uzungumze na msichana mmoja wa ukumbini kabla kiongozi hajatulia na kutimiza wajibu wake. Clair wa Blackthorn, mwenye viumbe wa joka, anakwenda mbali zaidi na kukataa waziwazi kuitoa beji mpaka upite jaribio jingine. Angalau hawa wawili wanaonesha kwamba kushindwa kwa kiongozi, hata kama kumepangwa, kunaweza kumuuma.

Norman wa Petalburg, katika Ruby na Sapphire za mwaka 2002, ana uzito wa namna nyingine, kwa sababu ni baba wa mchezaji. Unamkuta mapema, anakataa kupigana nawe, anakutuma uende kwanza ukapate beji nne. Ukirudi unaukuta ukumbi umegawanywa vyumba, kila mlango ukiwa na jina la sifa ya mapambano: kasi, shabaha, ulinzi, kujiponya, nguvu, na kadhalika. Unachagua mlango, na mkufunzi aliyemo ndani anapigana kwa kutumia sifa hiyo. Sijaona darasa lililopangwa vizuri kuliko hilo katika mfululizo wote. Mwishoni yupo baba mwenye Slaking, kiumbe ambaye jumla ya sifa zake za msingi ni 670, sawa na Groudon anayepamba jalada la Ruby, lakini ana uvivu wa kuzaliwa unaomlazimu kupumzika kila baada ya zamu moja ya kushambulia. Mwenye subira anajilinda zamu hii, anashambulia zamu ile. Mwenye pupa anapigwa.

Ukumbi ni sehemu ya mji, na michezo bora haijalisahau hilo. Jirani na ukumbi wa Sabrina mjini Saffron kuna jengo la wapiganaji wa karate ambalo zamani ndilo lilikuwa ukumbi rasmi, hadi wanafunzi wa Sabrina walipowashinda. Kwa kuwa nguvu za akili, ambazo ndizo aina ya Sabrina, huizidi aina ya mapigano, historia hiyo ya mji inaendana na kanuni za mchezo wenyewe. Jasmine wa Olivine haonekani ukumbini mwake kwa sababu yuko juu ya mnara wa taa akimuuguza Ampharos anayemulikia meli, nawe ndiye unayevuka bahari kwenda kuleta dawa. Volkner wa Sunyshore, aliyechoshwa na wapinzani dhaifu, aliukarabati ukumbi wake kwa umeme mwingi kiasi cha kuuzimia mji taa. Anaudhi, lakini anaaminika.

Giovanni ndiye aliyeutumia wadhifa huo vibaya kuliko wote. Ukumbi wa Viridian unaupita mwanzoni kabisa mwa safari, umefungwa, na wakazi hawajui kiongozi wao ni nani. Njiani unakutana na mkuu wa genge la Team Rocket, kwanza chini ya nyumba ya michezo ya bahati mjini Celadon, kisha katika makao ya kampuni ya Silph. Unapofika na beji saba ndipo mlango unapofunguliwa, na aliyekaa ndani ni yeye. Akishindwa mara hii analivunja genge lake na kuondoka, na kiti kinabaki wazi. Katika Gold na Silver, ambazo hadithi yake ni ya miaka mitatu baadaye, kiti hicho amekalia yule hasimu wako wa zamani, na yeye haifuati kabisa desturi ya aina moja. Koga wa Fuchsia naye amepandishwa hadi kwa magwiji wanne na kumwachia ukumbi binti yake, Janine. Mabadiliko hayo madogo yalinifanya niiamini Kanto kama nchi yenye utawala, kitu ambacho ramani pekee isingeweza kukifanya.

Mwaka 2016, Sun na Moon ziliondoa kumbi kabisa na kuweka majaribio ya visiwani, yenye viumbe wakubwa wanaoita wasaidizi katikati ya pambano. Lilikuwa wazo zuri, na baadhi ya majaribio yale ni magumu kuliko kumbi nyingi, ila sikuisahau beji. Sword na Shield za mwaka 2019 zilirudi na viwanja vilivyojaa mashabiki, jezi zenye namba na muziki unaochanganyika na sauti za umati. Fahari ile naikubali. Tatizo ni kwamba viongozi wengi wanaishia kufanya jambo lilelile, yaani kumkuza kiumbe wa mwisho awe jitu, na swali la kila mmoja likawa karibu moja. Piers anajitenga kwa sababu mji wake hauna nguvu za kukuza majitu, na Opal anakusaili katikati ya pambano na kupandisha au kushusha sifa za kiumbe wako kwa kutegemea jibu lako. Hao wawili ndio ninaowakumbuka bila kujilazimisha.

Scarlet na Violet za mwaka 2022 zina kosa ambalo bado linanikera. Mchezaji ameruhusiwa kuzifuata kumbi nane kwa mpangilio wowote autakao, lakini viwango vya viongozi havibadiliki: Katy ana viumbe wa 14 na 15, Grusha ana wa 47 na 48, na uhuru unaotangazwa unageuka kuwa kazi ya kubahatisha mpangilio uliofichwa. Majengo nayo yanafanana kila mji, ukumbi wa mapokezi na meza, kana kwamba ni matawi ya benki, na pambano linahamishiwa uwanja wa nje. Aliyenusurika ni Larry wa mji wa Medali, mfanyakazi wa ofisini aliyechoka, mwenye aina ya kawaida kama Whitney. Mtihani wake ni kutafuta mjini vipande vya siri ya kuagiza chakula ambacho hakimo kwenye orodha, na ukikiagiza sawasawa, mkahawa wenyewe unageuka uwanja wa mapambano. Baadaye unamkuta tena kwa magwiji wanne, akilazimika kutumia viumbe wa kuruka kwa sababu bosi wake ndivyo alivyoagiza. Laiti viongozi wengine saba wa Paldea, jimbo la michezo hiyo, wangepewa miji yenye mchango kama huo katika mitihani yao, na viwango vinavyopanda kulingana na beji alizo nazo mchezaji, ningeihesabu Paldea miongoni mwa majimbo matatu bora ya mfululizo huu.