Presha ndogo iliniponza: nilivyopunguza floraidi kwenye maji ya kisima

Sisi wa chini ya Mlima Meru tunatambulika kwa meno ya kahawia. Chanzo ni floraidi, madini ya kwenye maji ambayo yakizidi huharibu meno. Kisima chetu kilisoma miligramu 9 za floraidi kwa lita, na Shirika la Afya Duniani linataka isizidi 1.5. Nikajichanga, milioni mbili na ushee, nikafunga pampu na utando wa nanofiltresheni, yaani ngozi nyembamba inayopitisha maji na kuzuia sehemu kubwa ya floraidi.

Maji ya kwanza yalisoma 2.0. Fundi mmoja, mzoefu wa vichujio vya mkaa wa mifupa, akaniambia, "Mdogo wangu, punguza presha. Maji yakienda taratibu ndiyo yanachujika." Kwa mkaa wa mifupa yuko sahihi, maana floraidi inahitaji muda wa kunaswa. Nikashusha kutoka baa 6 (baa ni kipimo cha presha) hadi 3: floraidi ikasoma 3.3. Nikashusha hadi 2, maji yakawa ya kudondoka, kipimo kikapanda hadi 4.1! Nikaamini utando umechanika. Nimeufungua mara mbili, nimebadilisha mipira yote ya viungio, wiki tatu zimekatika.

Daftari ndilo lililoniokoa. Kwa baa 6 nilikuwa napata lita 60 kwa saa, kwa baa 2 lita 20. Nilipozidisha lita kwa kipimo, floraidi iliyopenya kwa saa ilikuwa miligramu 120, kisha 82. Maji yamebaki theluthi moja, floraidi imepungua theluthi moja tu! Nilikaa nikiitazama hesabu ile hadi chai ikapoa. Presha inasukuma maji. Floraidi kwa sehemu kubwa inapenya yenyewe, ikitoka palipo na nyingi kwenda palipo na chache, na presha haiihusu sana. Ukibana presha unajinyima maji, floraidi inaendelea kupita. Ni chumvi karibu ileile kwenye sufuria yenye maji kidogo.

Nikapandisha hadi baa 10. Ikasoma 1.3. Nilipiga kelele, jirani akaja mbio.

Wapo wanaodhani utando ni chekecheo. Vitundu vyake ni vya takribani nanomita moja (sehemu moja ya milioni ya milimita), na floraidi kavu ni ndogo kuliko hata kloraidi, ile ya kwenye chumvi ya mezani, hivyo kwa udogo wake ingepita tu. Ila haitembei kavu: imeng'ang'ania molekuli za maji kwa nguvu, na kuzivua ili ipenye ni kazi ngumu. Tena ina chaji hasi, na utando nao ni hasi, vinasukumana. Ndiyo maana nikisafisha chokaa kwa asidi ya limau nasuuza sana, kwani asidi inaiua ile chaji ya utando.

Na koki ya maji ya kando, yale yanayotoka bila kupenya utando, usiibane kwa uchoyo. Floraidi iliyokataliwa inarundikana usoni mwa utando, kisha inapenya zaidi.

Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili, meno yake ya kudumu bado yanajijenga ndani ya ufizi. Uji wake unapikwa kwa maji haya tu.