Amplifaya ya zamani katika mfumo wa muziki wa nyumba nzima

Katika nyumba nyingi za Moshi ninazozifahamu, kuanzia Shanty Town hadi Pasua, bado ipo amplifaya ya miaka ya 1970 au 1980 iliyowekwa kwenye kabati la sebuleni pamoja na spika zake kubwa za mbao, na aghalabu imefunikwa kitambaa cha kufuma. Huachwa hapo kwa heshima ya mzee aliyeinunua, ilhali muziki wenyewe husikilizwa kwenye spika ndogo ya Bluetooth iliyokalishwa juu yake. Huo ni upotevu, kwa sababu amplifaya hiyo imepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho ni njia ya kupokea muziki kutoka kwenye Wi-Fi ya nyumba. Kifaa cha kuipatia njia hiyo hakizidi ukubwa wa kiganja.

Bluetooth haitoshi kwa kazi hii. Simu ndiyo inayopeleka sauti, kwa hiyo ukienda nayo bustanini muziki unakatika, na mtu akikupigia, waliokaa sebuleni wanabaki kimya. Katika mfumo wa vyumba vingi kila chumba kina kipokezi chake, kipokezi huchota muziki chenyewe kupitia ruta, na vipokezi vyote hulinganisha saa zao za ndani ili jikoni na sebuleni isikike noti ileile kwa wakati mmoja. Simu hubaki kuwa ya kutoa amri tu.

Sehemu inayowaponza wengi iko nyuma ya amplifaya. Waya wa kipokezi uingie kwenye matundu yaliyoandikwa AUX, CD, TUNER au TAPE, na kamwe usiingie kwenye PHONO. Tundu la PHONO limetengenezwa kwa ajili ya sindano ya santuri, ambayo hutoa umeme wa millivolti chache, takriban 5, wakati kipokezi cha kisasa hutoa hadi volti 2, yaani mara mia kadhaa zaidi. Tena saketi ya PHONO huinua besi na kupunguza sauti nyembamba kwa kufuata kanuni ya RIAA (kiwango cha kuchonga na kupiga santuri), kwa kuwa santuri zilichongwa kinyume cha hapo. Anayechomeka kipokezi humo atasikia mkwaruzo mzito, kisha atailaumu amplifaya kwamba imezeeka. Kwenye TAPE napo kuna matundu ya kuingiza na ya kutoa: yaliyoandikwa REC au OUT hutoa sauti kwenda kwenye kinasa sauti, kwa hiyo ukichomeka humo hutasikia kitu.

Amplifaya nyingi za Ujerumani hazina matundu ya duara ya kushoto na kulia, bali zina tundu moja la DIN lenye pini 5. Fundi yeyote mzuri wa redio anaweza kukutengenezea waya wa kubadilisha: pini ya 3 ni kushoto, ya 5 ni kulia, na ya 2 ni ya ardhi. Mwambie unataka kuingiza sauti, kwani pini za 1 na 4 kwenye tundu la kinasa sauti ni za kutoa.

Suala la kiwango cha sauti huonekana dogo, lakini ndilo litakaloamua kama familia itautumia mfumo huu au itaususa. Amplifaya za zamani nyingi hufikia nguvu zake zote kwa millivolti 150 hivi za kuingia, kwa hiyo volti 2 za kipokezi huzifanya zingurume kitasa cha sauti kikiguswa kidogo tu. Mimi hupendelea kupunguza kiwango cha kutoka kwenye mipangilio ya kipokezi, kisha kitasa cha amplifaya nikakiweka kwenye theluthi ya mzunguko na kukiacha hapo, na marekebisho ya kila siku yakafanyika kwenye simu. Kitasa kikikwaruza, kisafishwe kwa dawa ya kusafishia vifaa vya umeme. Mafuta ya cherehani hayafai hata kidogo.

Kuhusu umeme niseme kwa kifupi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia volti 100, na ya Marekani hutumia 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230, kwa hiyo soma kibao cha nyuma kabla ya kuchomeka, na kama haina swichi ya kuchagua volti tafuta transfoma ya kushushia. Ukisikia mngurumo wa chini usiokoma, chomeka amplifaya na kipokezi kwenye ekstensheni moja. Usikate waya wa ardhi, hata kama fundi anakuhakikishia kwamba haina shida.

Wenye santuri huuliza kama nazo zinaweza kusikika vyumbani. Zinaweza, kwa kutumia kipokezi chenye tundu la kuingiza sauti, kama Sonos Port au WiiM Pro, kinachochukua sauti kutoka REC ya amplifaya na kuisambaza. Hata hivyo, usambazaji huo huchelewa kidogo, na anayesimama kwenye korido atasikia sebule ikitangulia vyumba vingine. Kwa rumba ya taratibu jambo hilo linavumilika, ila kwa ngoma za kasi linaudhi.

Katika kuchagua kipokezi, msimamo wangu ni kwamba kisiwe cha gharama kubwa, kwa sababu chenyewe ndicho kitakachokufa kwanza. Chromecast Audio, kipokezi cha Google, ilitoka mwaka 2015 na uzalishaji wake ukasitishwa mwaka 2019. Logitech iliachana na vipokezi vyake vya Squeezebox mwaka 2012, lakini vifaa hivyo bado vinapiga muziki kwa sababu programu yake ya seva, yaani inayogawa muziki kwa vipokezi, iko wazi kwa umma na inaendelezwa na watumiaji, siku hizi kwa jina la Lyrion Music Server. Ndiyo maana napendekeza kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kadi ya sauti, ikitumia programu hiyo. Inahitaji uvumilivu wakati wa kuiandaa, lakini hakuna kampuni inayoweza kuizima kutoka mbali.

Njia hiyo pia inaokoa bando. Muziki wa kilobiti 320 kwa sekunde hula megabaiti 144 kwa saa, na nyumba inayopiga muziki kutwa itaona tofauti. Nyimbo zikihifadhiwa kwenye diski iliyounganishwa na seva, zinasafiri ndani ya nyumba tu na intaneti haiguswi. Kama amplifaya iko karibu na ruta, tumia waya wa mtandao badala ya Wi-Fi. Vyumba vilivyo nyuma ya kuta za tofali nene vipewe masafa ya gigahezi 2.4, kwani yale ya gigahezi 5, ingawa yana kasi zaidi, hudhoofika upesi yanapopita ukutani.