Udaga (mihogo mikavu) usagwe mchana jamani

Mimi ni fundi umeme, nahudumia mtambo wa sola na jenereta kwenye kisiwa kimoja huku Ziwa Victoria, sio mbali na Bwisya, Ukara, ambako mtambo wa aina hii uliwashwa 2016, na kila nikikaa na watu swali ni lilelile, kama sola ipo jenereta ya nini tena?

Ni kwa ajili ya siku kama ile moja ya juzijuzi, kabla ya jua la wiki hii. Mvua tangu alfajiri, paneli hazitoi kitu cha maana, betri zilishashuka usiku, bila jenereta ikifika jioni zahanati iko gizani na friji ya chanjo inaanza kupata joto. Hapo dizeli lazima, sibishi.

Ninachopigania ni siku za jua. Saa saba mchana betri zimejaa, umeme wa paneli hauna pa kwenda, unapotea hivihivi, afu saa mbili usiku ndo mashine inaanza kusaga udaga wa siku nzima na fundi wa kuchomelea mageti nae kawasha. Mota ile ikianza inavuta mara tano mpaka saba ya inavyokula ikishachanganya, taa za mtaa mzima zinafifia, betri zinashuka, jenereta inajiwasha.

Na jenereta ukiipa mzigo mdogo haimaanishi inakunywa kidogo. Ikibeba mzigo wake vizuri lita moja inakupa kama yuniti tatu, ila wakishazima mashine zikabaki taa na tivi inakupa pungufu sana, masizi yanajaa kwenye injini, bomba la moshi linadondosha mafuta meusi. Na hiyo lita imekuja na boti, kwenye madumu ya lita 20, kutoka mwaloni tunabeba begani.

Wiki iliyopita nikamfuata mama mwenye mashine. Akaniambia, "Mwanangu, wateja wangu wanatoka shamba jioni, niwafukuze?" Ana haki kabisa, tena bei ya yuniti ni ileile mchana na usiku, sasa ahangaike kwa faida gani? Mimi ningekuwa na uwezo bei ya mchana ningeishusha hata kesho. Tukakubaliana waache magunia jioni, yeye anasaga kuanzia saa nne asubuhi, wachukue wakirudi shamba.

Leo siku ya nne, jua lipo, jenereta haijanguruma hata mara moja. Kesho naenda kwa jamaa wa barafu, yule anagandisha usiku kucha.