Una kisukari na unaona vizuri? Kapime macho hivyo hivyo

Huku Dodoma mtu akisema macho yanamsumbua, wa kwanza kulaumiwa ni vumbi, na sio kwamba watu wanakosea, maana upepo wa mwezi wa saba na wa nane kila mtu anaujua, na ukienda Kongwa au Chamwino utakuta wazee waliokua wakiona vikope, ule ugonjwa ambao kope zinajikunja kwa ndani zinaanza kukwaruza jicho. Kwahiyo tumezoea kwamba jicho bovu linaonekana: limekuwa jekundu, linawasha, linatoa machozi na tongotongo. Sasa kisukari hakiji hivyo. Chenyewe kinaharibu nyuma ya jicho, kwenye retina, ule utando unaopokea mwanga ili uone, huku kwa nje jicho liko safi kabisa, haliumi, na mwenyewe anasoma meseji zake bila shida.

Mi nina kisukari cha aina ya pili, natumia vidonge, na kila siku ya kliniki pale kwenye benchi lazima nisikie mtu anasema "macho yangu mimi mazima, namuona mpaka yule anayevuka barabara kule". Naelewa kwanini anasema hivyo, lakini roho inaniuma, kwa sababu kuona mbali sio kipimo cha retina. Mtu anaweza kuwa na uharibifu mkubwa tu na bado akavisoma vizuri vile viherufi vya ukutani.

Kinachotokea ni hivi. Retina inalishwa na vimishipa vya damu vidogo mno, na sukari ikikaa juu kwa miaka kuta zake zinachoka, zinavimba vivimbe vidogo, zinavuja maji na damu. Yakivuja pale katikati panapotumika kusoma na kutambua sura za watu, pale panavimba na kuona kunafifia. Vingine vinaziba kabisa, na retina ikikosa hewa inaotesha mishipa mipya, sasa hiyo mipya ndo mibaya kuliko yote, ni dhaifu, inapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au inaacha makovu yanayoivuta retina mpaka inabanduka. Hapo ndo mtu anasema "nimeamka nimekuta jicho halioni", kumbe safari ilianza miaka mingi nyuma.

Baba yangu mdogo ni mkulima wa zabibu Hombolo. Kisukari anacho muda mrefu, na maandishi yalipoanza kumsumbua alinunua miwani ya kusomea ya kwenye meza pale sokoni, baada ya muda akanunua nyingine yenye namba kubwa zaidi, na dawa ya matone ya dukani juu. Akaniambia "mwanangu huu ni uzee tu na hili jua". Siku alipoanza kuona vidoa vyeusi vinaelea na kitu kama utando mwekundu ndo akakubali twende, na damu ilikuwa imeshamwagika. Alichomwa leza, jicho moja limebaki linaona, la pili anatofautisha mwanga na giza tu. Daktari alimwambia wazi kwamba leza inazuia uharibifu usiendelee ila kile kilichokwisha kupotea mara nyingi hakirudi. Kuna na sindano za ndani ya jicho zinazopunguza uvimbe, kuna na upasuaji wa kutoa damu, lakini vyote hivi vinafanya kazi vizuri zaidi ukiwahi.

Na hiyo miwani ya sokoni niiseme vizuri. Sukari ikipanda na kushuka, lenzi ya jicho nayo inabadilika, leo unaona ukungu wiki ijayo unaona poa. Ukipimwa miwani kipindi sukari haijatulia utapewa namba ambayo baada ya muda haikufai, kwahiyo tuliza sukari kwanza wiki kadhaa ndo ukapime. Matone nayo usinunue kwa kuelekezwa na jirani, mengine yana steroidi, dawa kali ya kupunguza uvimbe, na ukiyatumia muda mrefu bila daktari yanapandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho, wakati sisi wenye kisukari mtoto wa jicho tayari anatuwahi mapema kuliko wengine.

Kwahiyo kipimo chenyewe ni kipi? Ni kile cha kuangaliwa retina. Ukiwa na aina ya pili unatakiwa upimwe mara tu unapogundulika, kwa sababu huenda sukari ilishakaa juu miaka bila wewe kujua. Aina ya kwanza ni ndani ya miaka 5 tangu ugundulike. Baada ya hapo kila mwaka, labda daktari akwambie vinginevyo. Mama mjamzito ambaye alikuwa na kisukari kabla ya mimba apimwe mapema mimba ikiwa changa, maana ujauzito unaweza kuharakisha huu ugonjwa.

Siku yenyewe unawekewa matone ya kupanua mboni, yanawasha kidogo, unakaa kama nusu saa unasubiri. Taratibu unaona simu yako huwezi tena kuisoma, maandishi yanakimbia, alafu daktari anakumulika taa kali anakwambia tazama juu, tazama chini, tazama sikio langu. Hakuna maumivu. Shida ni ukitoka nje, hili jua letu la saa saba mchana na mboni imefunguka yote, utafumba macho kabisa. Nenda na mtu wa kukushika mkono, beba kofia au kanga ya kujifunika na miwani ya jua kama unayo, na usiende na pikipiki yako maana kuona kutakuwa na ukungu masaa 4 mpaka 6 hivi. Hapa Dodoma mjini kuna madaktari wa macho kwenye hospitali ya General na ya Benjamin Mkapa, na hospitali ya Mvumi kule miaka mingi watu wanafuata huduma ya macho. Ulizia kwanza siku za kliniki ya macho kabla hujapanda gari.

Kwenye sukari yenyewe, kuna utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotoka 1993, walifuatilia watu 1,441 wenye aina ya kwanza, na wale ambao macho yao yalikuwa bado mazima, waliobana sukari vizuri hatari ya kupata huu ugonjwa wa retina ilipungua kwa asilimia 76. Hiyo sio namba ndogo jamani. Ulizia HbA1c yako, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa miezi 2 mpaka 3, wengi wetu tunaambiwa tulenge chini ya asilimia 7. Presha nayo usiiache, inaitesa mishipa ile ile. Sigara ndo kabisa uachane nayo.

Chakula nitasema moja tu, kwa sababu huku kwetu kuna imani kwamba ugali wa uwele au mtama hauna sukari, basi mtu anakula mlima mzima na mlenda. Mlenda kula, hauna neno. Ugali wa uwele bado ni wanga na ukizidi sukari inapanda. Zabibu nazo, tena msimu ukifika mara mbili kwa mwaka na bei imeshuka, kishada kizima ni sukari nyingi kwa mkupuo, chukua chache uishie hapo.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi: ukianzishiwa insulini na sukari ikashuka kwa haraka sana kutoka juu, retina iliyokwisha kuumia inaweza kuzidi kwa muda kabla ya kutulia. Usiache dawa kwa ajili hiyo, faida yake ni kubwa, ila omba upimwe macho kipindi hicho.

Na ukiona vidoa vingi vimetokea ghafla, au mwanga unapiga kama radi pembeni, au pazia linashuka kwenye jicho, usingoje tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo. Ukimaliza kupimwa muulize daktari ameona nini kwenye kila jicho na urudi lini, mwambie akuandikie kwenye daftari lako la sukari ili daktari wa sukari naye asome.