Ukungu Mbele ya Kipimamwendo

Gari lile nililinunua likiwa limekwisha kupita mikononi mwa watu wengine, na kasoro yake iliyonikera kuliko zote haikuwa ya injini wala ya breki, bali ya kile kifuniko cha plastiki angavu kinachokinga kipimamwendo, geji ya mafuta na taa za tahadhari. Asubuhi, jua likiwa nyuma yangu, mwanga ulipenya kwenye kioo cha nyuma, ukaipiga plastiki hiyo na kutawanyika, hata nambari zote za katikati zikamezwa na weupe mtupu. Usiku kulikuwa na nafuu, kwa kuwa taa za dashibodi huangaza kutoka ndani, na huenda ndiyo maana aliyeniuzia alipenda nilijaribu gari jua likishatua.

Siku niliyoamua kulishughulikia jambo hilo, nilianza kwa kumulika tochi kwa ubavu badala ya kuielekeza moja kwa moja. Hapo ukungu ulijieleza wenyewe: haukuwa uchafu, bali mikwaruzo myembamba isiyohesabika, yote imepinda upande mmoja kwa kufuata mzunguko wa kiwiko cha mtu aliyezoea kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Vumbi lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko akriliki na polikaboneti, plastiki mbili ambazo hutumika sana kutengenezea vifuniko vya namna hii, kwa hiyo kila aliyefuta kwa nia ya usafi alikuwa anapiga msasa bila kujua. Juu ya mikwaruzo hiyo kulikuwa na mmoja wa aina nyingine, mrefu na wa kina, unaokatiza karibu na nambari 80. Ukipitisha ukucha, ulinasa.

Shemeji yangu alikuwa amekuja kunitembelea, akasimama mlangoni mwa gari na kutoa ushauri kabla sijauomba.

“Shemeji, hiyo si unapaka dawa ya meno tu, unasugua, inaisha? Ikikataa, kuna thina pale.”

Dawa ya meno sikuidharau, maana ina chembe za kusugulia na kweli huweza kupunguza mikwaruzo ya juujuu, ingawa haikutengenezwa kwa kazi hiyo na kwa mkwaruzo unaonasa ukucha haifui dafu. Thina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, niliikataa katakata. Nilikwisha kuona kifuniko cha plastiki cha taa ya mbele kilichofutwa kwa thina: kwa nje kilionekana safi kwa muda mfupi, kisha ndani ya plastiki yenyewe zikatokea nyufa nyembamba zilizosambaa pande zote, na nyufa za namna hiyo hazitoki kwa msasa kwa sababu zimezama. Petroli na asetoni ni wa ukoo huohuo, na hata dawa ya kusafishia vioo vya madirisha yenye amonia sipendi iguse plastiki angavu.

Nilichomoa kebo ya upande hasi wa betri na kusubiri kidogo kabla ya kugusa chochote, kwa kuwa eneo la usukani lina nyaya za mfuko wa hewa. Usukani niliushusha hadi mwisho, nikafungua skrubu za fremu, nikabandua vishikizo vya plastiki polepole, kisha nikachomoa plagi za nyuma na kuutoa mtambo mzima wa geji. Ningeweza kusugua kifuniko kikiwa palepale garini, na wapo wanaofanya hivyo, lakini maji yenye unga wa plastiki yakipenya kwenye saketi zilizo nyuma ya geji, gharama inakuwa ya kitu kingine kabisa. Kifuniko kilipoachana na mtambo wake, nilizifunika geji kwa nailoni safi. Mishale haitakiwi kuguswa, kwani ukiisukuma kwa kidole huenda isisome sawasawa tena, na ule uso mweusi usiong'aa ulio nyuma yake hushika alama ya kidole na kukataa kuiachia.

Kuosha nako kulichukua muda wake. Nilitumia maji ya vuguvugu yenye matone ya sabuni na viganja vyangu mwenyewe, bila kitambaa, hadi nilipohakikisha kwamba hakuna chembe iliyobaki. Baada ya hapo nililoweka karatasi za msasa wa maji, ambazo kadiri namba yake inavyopanda ndivyo zinavyokuwa laini zaidi. Namba 1500 niliitumia kwenye ule mkwaruzo mrefu na ukingo wake tu; namba 2000 ilipita uso wote wa nje; namba 3000 ikafuatia. Kila msasa niliupeleka upande mmoja, na uliofuata nikaukatiza kwa upande wa pili, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya kujua kama mistari ya msasa uliotangulia imekwisha kweli au imejificha. Maji yaliyotiririka yalikuwa meupe kama tui.

Kifuniko kikiwa kimelowa kilionekana angavu kabisa, na shemeji akaanza kunipongeza. Nilipokifuta, kikageuka cheupe chote, hata kidole kilichokuwa nyuma yake hakikuonekana.

“Shemeji, sasa umekiua.”

Maji ndiyo yaliyomdanganya. Yakijaa ndani ya mikwaruzo huupisha mwanga kwa namna inayokaribiana na ya plastiki yenyewe, mwanga ukapita bila kutawanyika sana, na kasoro ikafichika. Yakikauka, kila mkwaruzo unarudi kuwa kingo mbili zinazotupa mwanga ovyo. Ndiyo maana hukumu ya kazi hii hutolewa kitu kikiwa kikavu, tena chini ya tochi. Weupe ule haukunitisha, kwa kuwa ulikuwa sawasawa pande zote, na weupe ulio sawasawa ni mikwaruzo ya kina kimoja ambayo polishi inaweza kuifikia yote.

Polishi niliyotumia ilikuwa ya plastiki, ya majimaji, nayo niliipaka kwa kitambaa cha mikrofaiba, sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo. Shemeji alitaka tufunge sponji kwenye drili tumalize upesi. Akriliki huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na sponji inayozunguka mahali pamoja huweza kuzalisha joto la kutosha kuuharibu uso, kwa hiyo niliendelea kwa mkono. Weupe ulianza kupungua katikati, ukafuata kingo, na hatimaye nambari zikaonekana bila mimi kukaza macho.

Ule mkwaruzo wa karibu na 80 haukutoka wote. Ulibaki mstari mwembamba unaoonekana ukiutafuta, nami nikauacha makusudi, maana kuendelea kuchimba mahali pamoja hutengeneza bonde, na bonde kwenye plastiki angavu huipinda nambari iliyo chini yake. Upande wa ndani sikuupiga msasa kabisa, kwa kuwa haukuwa na kasoro. Niliufuta tu kwa kitambaa chenye unyevu dakika ya mwisho, kwani plastiki iliyosuguliwa hupata chaji na kulivuta vumbi upesi. Niliporudisha betri na kuwasha swichi, taa za tahadhari ziliwaka na kuzimika kwa zamu yake. Saa peke yake ndiyo iliyohitaji kurekebishwa.

Shemeji akataka kifuniko cha gari lake kifanyiwe vivyo hivyo siku hiyohiyo. Nilikitazama kwa tochi nikakataa, jambo ambalo halikumpendeza: uso wake ulikuwa umefifizwa tangu kiwandani ili usiakisi mwanga, na msasa ungemwachia baka linalong'aa ambalo polishi haiwezi kulifuta. Nilimshauri atafute kifuniko kizima kutoka kwenye gari bovu la aina hiyohiyo, ahamishe kifuniko peke yake na kuuacha mtambo wake mahali pake, kwa sababu katika magari mengi hesabu ya kilomita hutunzwa ndani ya mtambo huo, na anayebadilisha wote huondoka na kilomita za gari la mtu mwingine.