Kigoma hadi Dodoma kwa basi: baba na binti wa mwaka na miezi minane

Mke wangu alipokwenda masomoni Dodoma, binti yetu Zawadi alibaki nami Kigoma. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, umri ambao mtoto anajua kukimbia ila hajui kutulia. Julai ilipofika nikaamua kumpeleka akamwone mama yake. Ndege ilinishinda bei. Treni ndiyo niliyoitamani, maana kwenye behewa la kulala mtoto anajinyoosha, anatembea, na choo kiko humo humo, lakini siku zake hazikulingana na ruhusa niliyopewa kazini. Likabaki basi.

Kila niliyemweleza alikuwa na neno. Wanaume waliuliza kwa nini nisimtume na dada yake mkubwa wa kwa mjomba. Wanawake wakauliza nani atambadilisha nepi, kana kwamba miezi yote ile alikuwa anajibadilisha mwenyewe. Shangazi mmoja akanivuta pembeni: "Baba Zawadi, mpe ile dawa ya maji ya mafua, kijiko kimoja tu, utamwamshia Manyoni." Nilimuuliza nesi wa kliniki tunakopima uzito. Alinikazia macho. Akasema dawa zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi hazipewi mtoto ili alale, zinaweza kumdidimizia pumzi, na wapo watoto ambao badala ya kulala huchangamka wakakesha wanaruka. Hiyo ya pili ndiyo iliyonitisha zaidi, niseme kweli. Nesi akanipa pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na kunikumbusha kuwa pakiti moja ni ya lita moja kamili ya maji safi, siyo ya kikombe, na ikishakorogwa isivuke siku.

Uamuzi uliookoa safari yote niliufanya dirishani kwa wakala wa tiketi. Nilikataa kwenda moja kwa moja. Nikakata tiketi ya Kigoma hadi Tabora, tukalale pale, kisha asubuhi tupande basi jingine la kwenda Dodoma kupitia Itigi na Manyoni. Wakala aliniona mtu wa ajabu, maana ukijumlisha nauli za vipande na kitanda cha gesti, inazidi. Akanishauri basi la usiku. Tangu serikali iruhusu tena mabasi kutembea usiku mwaka 2023, wazazi wengi wanalipenda kwa sababu mtoto analala. Sawa, analala, lakini wewe hulali. Tena basi likisimama porini saa tisa usiku, kumshusha mtoto gizani nyasi zikiwa zimekufika magotini si jambo la kulichezea. Mimi nilitaka mwanga.

Kuhusu siti, nililipia ya mtoto. Angeweza kupakatwa, ila kumpakata mtoto wa umri ule kutwa nzima ni adhabu kwa wote wawili. Sikutaka siti za nyuma, zinarusha kila tuta. Sikutaka za mbele chini ya televisheni, zina kelele. Nikaomba za katikati, mbali na tairi, upande wa dereva. Hili la upande watu wengi hawalifikirii. Mwezi wa Julai jua liko kaskazini kwetu, na basi linalotoka Kigoma linaelekea mashariki, kwa hiyo wanaochomwa ni wa upande wa kushoto, upande wa mlango. Ukisafiri Desemba, geuza, maana jua linakuwa kusini.

Mfuko wa mkononi ulikuwa na vitu vichache ila kila kimoja kilikuwa na sababu. Nepi, ingawa nyumbani alishaanza kutumia poti. Safarini sikutaka kumpa mtihani huo. Nguo za kubadilisha, zake na shati langu. Kitenge cha mama yake cha kumbebea mgongoni. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na mkate mkavu. Uji niliuacha, ukishapoa njiani huwezi kuuamini. Migebuka ya kukaanga, samaki wa ziwani kwetu na kipenzi chake, nayo niliiacha kwa sababu ya mafuta. Nilibeba pia kopo kubwa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, la kutapikia. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na karatasi anayokupa konda ikilowa mara moja imekwisha. Kopo halivuji, na ukisimama unalisuuza.

Kadi ya kliniki na nakala ya cheti cha kuzaliwa niliviweka mfuko wa shati pamoja na kitambulisho changu cha taifa. Mkoa wetu umepakana na Burundi, ng'ambo ya ziwa ni Kongo, kwa hiyo kukaguliwa vitambulisho njiani ni kawaida. Na mwanaume aliye peke yake na mtoto mdogo anayelia huvuta macho. Ofisa aliyepanda basi alinitazama, akamtazama Zawadi, akauliza, "Mama yake?" Nikatoa vyote vitatu kwa mpigo. Akacheka, akapita.

Kabla hatujaondoka stendi nilimtafuta konda nikamwambia wazi: "Kaka, nina mtoto mdogo, nikikuomba usimame usione nasumbua." Akanijibu, "Wewe piga tu kelele, mzee, hapa sote tumezaliwa." Maneno hayo kidogo yanabadilisha mambo. Konda aliyeombwa mapema anakuona mgeni wake, lakini ukimwomba mtoto akiwa ameshalia nusu saa, unakuwa tatizo lake.

Tuliondoka alfajiri. Zawadi alilala hadi Uvinza, kule kwenye chumvi, na hapo nikatoa cha kwanza. Nilikuwa nimeficha vikorokoro ambavyo hajawahi kuvishika: chupa tupu yenye kokoto, shada la funguo za zamani, leso yenye mafundo, kitasa kibovu cha mlango. Kila mji mkubwa tukiufikia, kimoja kinatoka na cha zamani kinarudi mfukoni kimyakimya. Kitasa ndicho kilichoshinda vyote. Alikizungusha tangu darajani Malagarasi mpaka abiria wa mbele akageuka kuuliza kama anajifunza ufundi.

Kipande cha baada ya Uvinza kilikuwa bado vumbi wakati ule, lami ikiendelea kujengwa. Ukifunga dirisha joto, ukifungua mnakuwa rangi moja na barabara. Nililowesha kanga kidogo nikaining'iniza kwenye dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole. Ikachuja vumbi, ikaleta na ubaridi.

Karibu na Kaliua mambo yakaharibika. Usingizi wa mchana uligoma, akaanza kulia kile kilio kisicho na sababu. Hakuna njaa, hakuna nepi, hakuna homa. Kitasa kikatupwa. Kijana mmoja akaongeza sauti ya simu yake, na sikumlaumu. Nikasimama naye kwenye njia ya katikati, basi likiyumba, nimeshika bomba la juu kwa mkono mmoja. Ndipo bibi mmoja wa siti ya pili kutoka yetu akapiga makofi mepesi kama Waha wanavyosalimia. "Mwanangu, mama yake yuko wapi?"

"Yuko shule, mama."

"Shule? Na wewe ndiye umebaki kulea?" Akawageukia wenzake. "Haya, jioneeni." Kisha akanyoosha mikono. "Lete huyo mjukuu wangu, ukae upumzishe miguu."

Hapa ndipo mzazi anatakiwa kuwa na kipimo chake. Kila stendi tunaonywa tusipokee chakula cha abiria tusiyemjua, na onyo hilo lina sababu, watu wameleweshwa wakaibiwa. Kumpa mtu mtoto wako, je? Mimi kipimo changu kilikuwa hiki: mikono ya watu naipokea, chakula hapana, na mtoto asitoke machoni pangu. Bibi alimpakata, akamfunika kichwa kwa khanga, akaanza kumwimbia kwa Kiha taratibu huku akimpigapiga mgongo. Alipotoa karanga za kukaanga akataka kumpa, nilizipokea mimi kwa mikono miwili nikazitia mfukoni. "Ahsante mama, atakula tukishuka." Zilikuwa karanga nzuri, nilizila mwenyewe gesti. Ila punje ya karanga na mtoto wa umri ule ndani ya basi linaloruka matuta, ni kumtafutia kupaliwa. Zawadi akalala hadi tulipoikaribia Urambo.

Na kuchimba dawa? Basi lilisimama katikati ya miyombo, konda akatangaza dakika kumi, wanaume wakaelekea upande wao na wanawake wao. Mimi na binti tukabaki katikati ya barabara kama mizigo iliyokosa mwenyewe. Nikazunguka nyuma ya basi, nikatandika kanga kwenye kivuli chake, nikambadilisha pale pale, kisha nikamwachia akimbie huku na huku nimeshika upindo wa gauni lake. Mtoto aliyekimbia dakika tano anakupa saa nzima ya utulivu. Nilianza kuvitumia vituo vyote namna hiyo, hata pale ambapo hakuwa na haja. Wengine wakishuka kununua mayai ya kuchemsha, sisi tunakimbia.

Tabora tulifika jua likizama. Nilichagua gesti ya karibu na stendi, nikakagua neti kabla ya kulipa, nikaomba ndoo ya maji ya moto. Maji yaliyotoka mwilini mwa yule mtoto yalikuwa mekundu kama udongo wa kufyatulia tofali. Kisha tukatoka tukakae chini ya mwembe. Mji ule umejaa miembe, na ingawa Julai si msimu wa maembe, vivuli havina msimu. Alicheza na watoto wa mwenye gesti mpaka alipoanguka mwenyewe usingizini. Hapo niliona fedha yangu ilipokwenda.

Kipande cha pili kina hali yake. Ukishaiacha Tabora kuelekea Nyahua, Chaya na Itigi, ni pori, lami safi na vijiji vya hapa na pale. Lami hiyo inawalaza watoto vizuri, lakini usitegemee kununua kitu. Maji yote tuliyatoa Tabora. Manyoni tulikula ugali na mchuzi wa kuku, nikamnyima nyama yenye mafuta, akanuna hadi basi lilipowashwa.

Kopo lilipata kazi baada ya Manyoni, barabara inaposhuka ukingo wa bonde la ufa kuelekea Kintinku na Bahi. Niliona anapiga miayo, mate yamejaa, midomo imepauka. Hizo ndizo dalili, mtoto hawezi kukuambia kichefuchefu. Nikamkalisha wima, nikamgeuza atazame mbele badala ya dirisha la pembeni, nikamwondolea vikorokoro. Alitapika mara moja, yote ndani ya kopo, hata jirani hakujua. Nikampa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, chakula nikakizuia mpaka tulipofika tambarare. Pakiti za ORS zilirudi nyumbani zikiwa zimefungwa, na sijutii kuzibeba.

Stendi ya Dodoma mama yake alitupokea, akamnusa mtoto kichwani, akaninusa na mimi, akasema turudi wote tukaoge. Baadaye wiki ile, alipopata likizo, ikawa zamu ya kupanga safari ya kurudi Kigoma sisi watatu. Akasisitiza twende moja kwa moja, kulala Tabora ni kupoteza pesa. Nikamwambia sawa, hakuna shida, ila yeye atakaa na Zawadi, mimi nitakaa siti ya nyuma kabisa. Akanitazama kidogo, akamgeukia wakala.

"Kaka, ya Tabora ni shilingi ngapi?"