Plau ya bei nafuu: chuma kilipunguzwa wapi?

Kila Januari na Februari, kabla masika hayajafika Nakuru, wauza vifaa vya trekta hupanga plau, haro na rotaveta kando ya barabara, zote zimepakwa rangi hadi zinameremeta. Utakuta plau mbili za diski tatu ubavu kwa ubavu, umbo lilelile, rangi ileile, lakini tofauti ya bei inatosha kununua mbolea ya ekari kadhaa. Mnunuzi huuliza ipi ni nzuri, na muuzaji atajibu zote. Mimi ningeuliza ile ya bei ya chini ilipunguziwa wapi. Ikiwa ni rangi, stika na jina la kampuni, ichukue. Ikiwa ni unene wa chuma, beringi na diski, utalipa tofauti hiyo katikati ya msimu, trekta ikiwa imesimama na wateja wa kulimiwa wakipiga simu.

Beba tepu, vanieri (kipimo cha unene), tupa, nyundo ndogo, sumaku, kitambaa na mizani ya kuning'iniza kama ile ya kupimia magunia. Muuzaji akikunja uso kuona tupa, hilo nalo ni jibu.

Anza na uzito. Plau ya ng'ombe ina ncha inayojivuta yenyewe ardhini. Plau ya diski haijivuti. Inazama kwa sababu ni nzito. Ndiyo maana plau nyepesi hulima vizuri siku ya maonyesho kwenye udongo laini, kisha inapanda na kuteleza juu ukiipeleka udongo mweusi wa Kano, karibu na Kisumu, ukiwa mkavu, au shamba la miwa upande wa Muhoroni lenye visiki vya zao lililopita. Uliza uzito ulioandikwa kwenye kibandiko au kijitabu, halafu, kama kuna mizani ya lori karibu, pima pikapu tupu na tena ikiwa imebeba plau. Ikiwa kijitabu kinasema kilo 400 na mizani inasema 310, kuna kilo 90 za chuma ulizotaka kulipia ambazo hazipo.

Chuma hicho hukosekana kwanza kwenye boriti kuu. Boriti ya mraba ya milimita 100 kwa 100 yenye ukuta wa milimita 10 ina karibu kilo 28 kwa kila mita. Ukuta ukishuka hadi milimita 6, mita hiyohiyo haifiki kilo 18. Kwa macho ya nje hakuna tofauti yoyote, na ncha za boriti mara nyingi huzibwa kwa bati. Tafuta tundu la bolti linalopenya hadi ndani, ingiza mkia wa vanieri usome unene. Kama hakuna tundu hata moja, gonga katikati ya boriti kwa nyundo, kisha gonga ya plau ghali iliyo jirani. Boriti nyembamba hulia kama debe.

Halafu tazama ilivyochomelewa, hasa pale mnara unaofungwa mkono wa juu wa trekta unaposhika boriti, maana hapo hubeba mzigo mkubwa plau inapogonga jiwe. Mshono mzuri ni wa mfululizo, umeingia kwenye bati zote mbili, na upana wake haupungui sana unene wa bati jembamba. Ogopa mambo matatu. Vitundu vidogo kama vya mandazi maana yake ni kwamba chuma kilichomelewa kikiwa na kutu au mafuta, au elektrodi zilikuwa zimelowa. Mfereji uliochimbika kando ya mshono ni ishara kwamba umeme ulikuwa mwingi mno, bati likaliwa, na ufa huanzia hapohapo. Mshono uliokaa juu kama nta ya mshumaa bila kushika pembeni haukuingia kabisa. Gonga mshono kidogo; ganda la elektrodi likiruka chini ya rangi, basi aliyepaka rangi hakusubiri hata usafi wa kwanza. Sumaku ni ya sehemu zinazoonekana laini kupita kiasi: isiposhika, au ikishika kwa ulegevu, kuna bodifila (lipu ya kuzibia mabati ya magari) chini yake, na plau haina sababu yoyote ya kupakwa bodifila.

Sasa diski, ambazo ndizo zinazofanya kazi na ndizo rahisi kughushi. Diski ya inchi 26 yenye unene wa milimita 6 ina kilo 16 hadi 17. Ya milimita 4 ina kama kilo 11. Huhitaji kuamini mtu: omba ya akiba, itundike kwenye mizani. Kama hakuna ya akiba, pima unene kwa vanieri sentimita chache ndani ya ukingo, si kwenye makali, kwa kuwa makali yamenolewa. Pima diski zote. Kuna plau zinazokuja na diski nzuri mbele na nyembamba nyuma.

Baada ya unene, ugumu. Chagua mahali padogo nyuma ya diski karibu na ukingo, kwangua rangi, pitisha tupa mara tatu. Kisha pitisha tupa hiyohiyo kwenye kipande cha bati la kawaida. Bati la kawaida litatoa unga kirahisi. Diski iliyotiwa ugumu vizuri kwa moto itakwaruzika, lakini kwa ubishi. Ikikwaruzika sawa na bati, makali yatakwisha kabla hujamaliza msimu. Tupa ikiteleza kama kwenye kioo, diski ni ngumu kupita kiasi na jiwe la kwanza linaweza kuikata kipande. Unayoitaka iko katikati.

Diski isiyofungwa mahali pengine ina kipimo kimoja zaidi. Ipitishe kamba kwenye tundu la katikati, iinue, igonge ukingoni. Nzima hulia kama kengele na mlio hukawia kufa. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Hesabu pia matundu ya bolti na upime umbali kati yake, kisha uliza duka la vipuri mjini kama diski ya matundu hayo inapatikana. Diski huisha, hata ya bei ghali, na plau isiyopatikana diski zake ni mapambo ya boma.

Hapa niseme neno kuhusu mafundi wa jua kali, kwa sababu wengi huwadharau. Fremu ya plau, rija (kifaa cha kupandisha matuta), au trela iliyoundwa na fundi mzuri wa soko la Kibuye, Kisumu, inaweza kushinda ya kutoka nje, mradi uende naye kununua chuma na uone unene ukipimwa. Diski ni habari nyingine. Inahitaji chuma chenye viungo maalum na tanuri la kukitia ugumu, na kuikata kutoka kwenye bati haitoshi. Fremu ya fundi, diski za kununua: huo ni mchanganyiko ninaouheshimu.

Kwenye kitovu cha kila diski kuna beringi mbili za koni, moja ndani na moja nje. Shika diski juu na chini uitikise kama unavyotikisa tairi la gari. Ikicheza, beringi hazijakazwa au zimekwisha. Izungushe kwa mkono: inatakiwa iende kwa ulaini na isimame mapema, kwa kuwa sili na grisi huishika. Ikizunguka muda mrefu kama feni, huenda hakuna grisi. Ikikwaruza, kuna mchanga au vyuma. Omba kitovu kimoja kifunguliwe. Ni bolti chache na dakika kumi. Ndani utazame vitu vitatu: grisi iwe imejaa kati ya rola na si kupakwa juu tu, sili iwe na mdomo laini usiopasuka, na beringi iwe na nambari inayosomeka. Andika nambari hiyo na upigie simu duka la beringi kabla ya kulipa. Beringi isiyo na nambari, au ambayo nambari yake inafutika kwa kidole, inamaanisha kwamba siku ya kubadilisha utahangaika kutafuta inayolingana.

Gurudumu la mfereji la nyuma huonekana kama nyongeza, na watengenezaji wa bei nafuu hulifanyia hivyo kweli. Diski zimepinda, kwa hivyo zinapolima husukuma plau upande. Gurudumu hilo ndilo linalopokea msukumo. Likiwa jembamba, au likizunguka kwenye bushi tu bila beringi, litalegea, plau itaanza kutembea kama kaa, na dereva atalaumiwa bure.

Kwenye pini zinazofunga plau kwenye mikono ya trekta usibahatishe. Mfumo wa daraja la pili, ambao ndio wa trekta nyingi za nguvu za farasi 50 kwenda juu, unataka pini za chini za milimita 28 na ya juu ya 25. Daraja la kwanza ni 22 na 19. Pini ya 22 kwenye tundu la 28 hugonga kila unapoinua plau na kula mikono ya trekta, na mkono wa trekta ni ghali kuliko pini. Kagua pia vichwa vya bolti: 8.8 au 10.9 ni nzuri, kichwa kisicho na nambari ni chuma laini. Hili la bolti lisivunje biashara. Zibadilishe zote na uombe punguzo.

Kifaa cha mtumba chenye rangi mpya kabisa ningekikwepa. Cha kutu na alama za kazi kinakuonyesha ukweli wake. Pima kipenyo cha diski: ya inchi 26 iliyobaki 22 imeshapoteza kina, maana plau ya diski hulima takriban theluthi ya kipenyo chake.

Kwa rotaveta, inayokatakata udongo kwa visu vinavyozunguka, kwanza linganisha na trekta. Ya mita 1.5 inataka kama farasi 45, ya mita 1.8 kama 55, na udongo mzito unataka zaidi. Sukuma rota kushoto na kulia; isicheze. Visu viwe na unene wa milimita 7 au 8, kawaida sita kwa kila bamba, vitatu vikitazama kushoto na vitatu kulia. Upande wa pembeni, panapopeleka nguvu kwenye rota, gia za meno hudumu kuliko cheni penye mawe. Cheni inafaa bustani na udongo safi. Fungua kizibo cha giaboksi, kwa kuwa nyingi husafirishwa kavu, bila oili, na mtu asiyejua huiwasha hivyohivyo ikafa siku hiyo.

Shafti ya PTO, inayopeleka nguvu ya injini ya trekta kwenye kifaa, itazame peke yake. Ya kawaida ya mizunguko 540 kwa dakika ina meno sita na kipenyo cha milimita 35. Uma mbili za katikati lazima zielekee upande mmoja, la sivyo itatetemeka na kuvunja krosi. Ikivutwa hadi mwisho kifaa kikiwa kimefungwa, bomba zibaki zimeingiliana angalau theluthi. Ikifupika kabisa, ncha zisigusane. Na isiyo na kava ya plastiki usiinunue kwa bei yoyote. Leso au koti likishikwa na shafti inayozunguka, hakuna muda wa kufikia swichi.

Mwisho ni kuijaribu. Lima vipande kadhaa vya mita 50 kwa nusu saa, pima kina kwa rula mahali pengi, kisha simamisha trekta, zima injini, teremsha plau chini na uweke kiganja kwenye kila kitovu. Joto kidogo ni la kawaida. Kitovu kimoja kikikushinda kukishika kwa sekunde tano ilhali vingine ni baridi, hicho kimekazwa mno au hakina grisi. Muuzaji akikataa jaribio kwa kuwa plau "itachafuka", lipa sehemu tu kwa M-Pesa na mkubaliane salio litoke baada ya siku ya kwanza ya kulima. Risiti iandikwe uzito, unene wa diski na nambari za beringi, si "plau moja" peke yake.